Sukari isiyoozesha meno: tuipe nafasi, lakini mswaki ubaki

Wazazi wengi tuna desturi moja ambayo tunaiona kuwa ya mapenzi. Tukitoka kazini jioni hatupendi kuingia nyumbani mikono mitupu. Mfukoni mwa koti huwa mna peremende mbili tatu, na mtoto akisikia hodi tu, tayari keshajua kinachomjia.

Mimi pia nilikuwa mzazi wa aina hiyo. Binti yangu alipokuwa na umri wa miaka mitano alianza kulalamika kwamba jino linamuuma. Tukamsukutuisha maji ya chumvi, tukamwekea karafuu, naye akalala. Kesho yake tulimpeleka katika zahanati moja. Mhudumu alimtazama mara moja, akasema: "Hayo ni meno ya utotoni, yatang'oka yenyewe." Tukarudi nyumbani tumeridhika.

Hayakung'oka yenyewe. Miezi michache baadaye shavu lilifura usiku, homa ikapanda, na kulipokucha tulikuwa kwenye foleni ya daktari wa meno. Magego mawili yaling'olewa siku hiyo. Kilio cha mtoto yule ningali nakisikia.

Daktari, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, aliniuliza swali moja: "Baba, mtoto huyu hula vitu vitamu mara ngapi kwa siku?" Hakutaka kujua ni peremende ngapi. Alitaka kujua ni mara ngapi. Nilianza kuhesabu kwa vidole, nikashindwa, nikanyamaza.

Ni daktari huyo aliyenitajia kwa mara ya kwanza aina ya sukari ambayo haiozeshi meno. Inaitwa zailitoli, na kwenye pakiti utaiona imeandikwa xylitol. Tangu siku hiyo nimesoma mengi kuihusu, yanayoisifu na yanayoitilia shaka. Maoni yangu, ndugu msomaji, ni kwamba sukari hii inaweza kutusaidia kulinda meno na fizi zetu, lakini kwa masharti mawili. La kwanza, ichukue nafasi ya sukari ya kawaida wala isiongezwe juu yake. La pili, isichukue nafasi ya mswaki.

Jino huozaje?

Ili tuelewe faida ya zailitoli, yafaa kwanza tuelewe jinsi jino linavyooza. Wengi wetu tulifundishwa tangu utotoni kwamba kuna mdudu anayetoboa jino. Mdudu huyo hayupo. Waliopo ni bakteria wadogo wasioonekana kwa macho, na miongoni mwao anayejulikana zaidi kwa uharibifu huu anaitwa Streptococcus mutans.

Bakteria hawa huishi katika utando unaonata juu ya meno. Tunapokula sukari, nao hula. Katika muda wa dakika chache huigeuza kuwa asidi, na asidi hiyo huanza kuyeyusha madini ya kalisiamu na fosfeti yaliyo katika gamba gumu la nje la jino.

Mwenyezi Mungu ametupa kinga yake, nayo ni mate. Mate huipunguza makali asidi hiyo na kuyarudisha madini kwenye jino. Lakini kazi hiyo huchukua nusu saa, wakati mwingine saa nzima.

Sasa mfikirie mtoto anayekunywa chai yenye sukari asubuhi, akala peremende wakati wa mapumziko, akanywa soda adhuhuri, akatafuna biskuti alasiri, na baba akamletea peremende nyingine jioni. Kabla mate hayajamaliza kutengeneza, uharibifu mwingine umeanza. Ndiyo maana daktari yule aliniuliza mara ngapi. Mtoto anayekula peremende tano kwa mpigo mmoja baada ya chakula huumia meno kidogo kuliko yule anayekula tano hizo hizo moja moja kutwa nzima.

Kuhusu fizi, mambo hayako mbali na hayo. Utando usiposuguliwa hurundikana pale jino linapokutana na ufizi, na baadaye hukauka ukawa ukoga mgumu. Ufizi hufura, ukawa mwekundu, ukatokwa na damu mtu anapopiga mswaki. Wengi wakiona damu huacha kabisa kupiga mswaki, na hapo ndipo wanapoharibu zaidi. Mwishowe ufizi huachana na jino, jino likalegea likiwa zima, bila hata tundu.

Tusidhani haya ni matatizo ya watu wachache. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa hapa Kenya na kutolewa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 98 ya watu wazima waliochunguzwa walikuwa na fizi zinazotokwa na damu, na asilimia 34 walikuwa na meno yaliyooza. Kwa maneno mengine, mwenye fizi nzima ndiye wa ajabu miongoni mwetu.

Sukari ya gunzi

Zailitoli si kitu kilichozuliwa jana. Mwanakemia wa Ujerumani, Emil Fischer, na wenzake waliitengeneza kutokana na mbao mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ilikaa maabarani kwa miongo kadhaa, hadi uhaba wa sukari wakati wa Vita Vikuu vya Pili ulipowafanya watu wa Finlandi waitazame upya, kwa kuwa nchi yao ina misitu mingi.

Iko kwa kiasi kidogo katika matunda kama plamu na stroberi, na katika mboga kama koliflawa. Hata miili yetu hutengeneza kidogo kila siku katika ini. Utamu wake ni sawa na wa sukari ya miwa, nayo huacha ubaridi fulani ulimini. Nguvu inayotoa mwilini ni pungufu: gramu moja ya sukari ya kawaida hutoa kalori 4, ilhali ya zailitoli hutoa 2.4.

Siku hizi sehemu kubwa ya zailitoli inayouzwa hutokana na mbao za miti ya nchi za baridi au na magunzi ya mahindi. Ndiyo, magunzi haya haya ambayo sisi huyatia jikoni kuwa kuni. Ndani ya gunzi mna nyuzi ambazo zikichemshwa kwa asidi hutoa sukari iitwayo zailosi. Zailosi nayo hutiwa gesi ya haidrojeni kiwandani ikawa zailitoli.

Nayaeleza haya kwa sababu wauzaji hupenda sana neno "asilia". Ni kweli kwamba kitu chenyewe kimo katika maumbile. Lakini unga mweupe ulio dukani umepitia kiwandani kama vile sukari ya miwa ilivyopitia. Kwa hivyo neno hilo lisitupumbaze. Tusiitumie kwa kuwa ni asilia. Tuitumie kwa kuwa bakteria wa meno hawaiwezi.

Bakteria wanavyohadaika

Hapa ndipo penye siri yenyewe. Bakteria Streptococcus mutans akikutana na zailitoli huidhania kuwa chakula, akaivuta ndani yake. Akishaivuta, hana uwezo wa kuigeuza kuwa asidi. Hubidi aitoe nje tena, na katika kuingiza na kutoa hutumia nguvu zake bure. Ni sawa na mgeni aliyealikwa karamuni akaandaliwa magunzi badala ya mahindi. Atatafuna, atachoka, na ataondoka na njaa.

Matokeo ni kwamba asidi haitengenezwi, na bakteria wa aina hiyo hupungua pole pole iwapo mtu ataendelea kuitumia kwa wiki na miezi. Utando nao huwa mchache na haunati sana, na hiyo ni nafuu kwa fizi. Lakini nisimdanganye mtu: ushahidi kuhusu fizi ni mdogo kuliko ule wa meno, na ukoga ambao umekwisha kuganda hauondolewi na chingamu ya aina yoyote. Huo hukwanguliwa na daktari.

Faida nyingine hutokana na kutafuna kwenyewe. Mtu anapotafuna chingamu isiyo na sukari baada ya chakula, mate hububujika, yakaosha kinywa na kupunguza asidi mapema.

Utafiti unasema nini?

Jina la zailitoli lilivuma kutoka mji wa Turku, Finlandi. Hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wakiongozwa na Arje Scheinin na Kauko Mäkinen waliwafuata watu 125 kwa miaka miwili. Kundi moja lilitumia sukari ya kawaida, kundi la pili sukari ya matunda, na la tatu zailitoli karibu katika kila kitu kitamu walichokula. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975. Waliotumia zailitoli walipata uharibifu mpya wa meno mdogo kwa zaidi ya asilimia 85 kuliko waliotumia sukari ya kawaida.

Lakini hebu tusome vizuri. Watu wale hawakutafuna chingamu mbili kisha wakarudi kwenye keki. Waliiondoa sukari, wakaweka zailitoli mahali pake. Hilo ndilo jambo ambalo matangazo ya biashara hayapendi kulisema.

Utafiti mwingine mkubwa ulifanywa Belize, Amerika ya Kati, kati ya mwaka 1989 na 1993, ukihusisha zaidi ya wanafunzi 1,200 wenye umri wa karibu miaka kumi. Waligawanywa katika makundi na kupewa chingamu za aina tofauti kwa miezi 40. Waliotafuna chingamu ya zailitoli ndio waliofaidika zaidi. Waliotafuna ya sorbitoli, ambayo ni aina nyingine ya kitamu kisicho sukari, walifaidika pia, ila si kwa kiwango hicho. Waliotafuna chingamu yenye sukari hawakupata faida yoyote.

Mwaka 2008 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya iliupima ushahidi na kukubali kuwa chingamu iliyotiwa utamu wa zailitoli pekee hupunguza hatari ya meno kuoza kwa watoto, ikitafunwa gramu 2 hadi 3, angalau mara tatu kwa siku baada ya mlo.

Haya ni mazuri ya kusikia. Hata hivyo haki ni kusema pia yale yasiyopendeza. Mwaka 2013 yalitolewa matokeo ya utafiti wa Marekani ambapo watu wazima walimumunya vidonge vya zailitoli, gramu 5 kwa siku, kwa miezi 33. Tofauti iliyopatikana ilikuwa ya karibu asilimia 10 tu, kiasi kwamba wataalamu hawakuweza kusema kuwa haikutokea kwa bahati. Mwaka 2015 wachunguzi wa shirika la Cochrane walizikusanya tafiti kumi na kukuta kuwa dawa ya meno yenye floraidi pamoja na zailitoli huenda ikapunguza uharibifu kwa asilimia 13 zaidi ya dawa yenye floraidi peke yake. Kuhusu bidhaa nyingine walisema ushahidi haujatosha.

Mimi naona hakuna mgongano hapo. Aondoaye sukari akaweka zailitoli hupata faida kubwa. Anayeiongeza tu juu ya mazoea yake ya zamani hupata kidogo au hapati kitu.

Kinywa cha mama, meno ya mtoto

Katika yote niliyosoma, hakuna lililonigusa kama utafiti uliofanywa kuhusu akina mama na watoto wao katika mji wa Ylivieska, Finlandi.

Mtoto mchanga huzaliwa bila bakteria wanaoozesha meno. Huwapata baadaye, na mara nyingi huwapata kutoka kwa mama yake au mlezi wake, kwa njia ya mate. Mama huonja uji kwa kijiko kile kile anachomlishia mtoto. Mlezi humtafunia mtoto chakula. Chuchu ya chupa ikianguka, mtu mzima huilamba kisha humrudishia mtoto. Yote hufanywa kwa mapenzi, kama peremende zangu za jioni.

Wataalamu wa Finlandi waliwachukua akina mama waliokuwa na bakteria hao kwa wingi. Baadhi yao walitafuna chingamu ya zailitoli tangu mtoto alipofika miezi mitatu hadi alipotimiza miaka miwili. Wengine walipakwa dawa nyingine kwenye meno. Watoto wenyewe hawakupewa kitu.

Watoto walipofika miaka miwili, wale wa akina mama waliotafuna zailitoli waliokuwa na bakteria hao walikuwa karibu mmoja kati ya kumi. Kwa akina mama waliopakwa floraidi, walikuwa karibu nusu ya watoto. Na matokeo yaliyotolewa mwaka 2000 yalionyesha kuwa watoto wa kundi la zailitoli walipofika miaka mitano, uharibifu wa meno yao ulikuwa pungufu kwa karibu asilimia 70.

Wazazi wenzangu, hebu tulitafakari hilo. Mama alitunza kinywa chake, na meno ya mwanawe yakasalimika miaka mitatu baada ya yeye kuacha kutafuna. Huo ni utafiti mmoja uliofanywa katika mji mmoja, na haufai kufanywa sheria. Lakini funzo lake kubwa halihitaji hata chingamu: ulinzi wa meno ya mtoto huanza kinywani mwa wale wanaomlea, akiwemo baba.

Kwa sababu hiyo naona kliniki za akina mama na watoto ndipo mahali ambapo jambo hili lingefaa kuanzia. Mama anapompeleka mtoto kupimwa uzani na kudungwa chanjo, yafaa aulizwe pia kuhusu meno yake mwenyewe. Aambiwe asimlaze mtoto na chupa ya maziwa au uji uliotiwa sukari. Aambiwe aanze kumsugua jino la kwanza mara tu linapochomoza. Na yule mwenye uwezo aambiwe kuwa zailitoli ipo na jinsi ya kuitumia.

Juu ya yote, hakuna mhudumu wa afya anayepaswa kumwambia mzazi kwamba meno ya utotoni hayana maana. Meno hayo humwezesha mtoto kutafuna na kutamka, tena ndiyo yanayoyatunzia nafasi meno ya ukubwani. Gego la nyuma la utotoni hutarajiwa kukaa kinywani hadi mtoto afike miaka kumi au zaidi. Likiondoka akiwa na miaka mitano, majirani wake husogea, na la ukubwani linapokuja hukuta kiti kimekaliwa.

Tahadhari

Kila chenye faida kina mpaka wake, na zailitoli vile vile.

Kwanza, mtu akila nyingi kwa mara moja tumbo hujaa gesi na huweza kuendesha. Anayeanza, na aanze kidogo kidogo. Pili, mtoto mdogo ambaye bado hajui kutafuna bila kumeza asipewe chingamu wala peremende ngumu, kwani inaweza kumkaba koo.

Tatu, wenye mbwa nyumbani wajihadhari sana. Zailitoli ni sumu kwa mbwa hata kwa kiasi kidogo. Humshusha sukari ya damu ghafla na huweza kumharibu ini. Pakiti isiachwe mezani wala mfuniko wazi.

Nne, mwaka 2024 wataalamu wa Cleveland, Marekani, walichapisha katika jarida la magonjwa ya moyo la Ulaya kwamba watu waliokuwa na zailitoli nyingi katika damu walielekea zaidi kupatwa na mshtuko wa moyo na kiharusi. Pia waliwapa watu kumi wenye afya kinywaji chenye gramu 30 za zailitoli, wakaona chembe zinazogandisha damu zimechangamka kupita kawaida. Utafiti huo haukuthibitisha kuwa zailitoli ndiyo iliyoleta maradhi, hasa kwa kuwa mwili nao huitengeneza. Tena gramu 30 kwa mkupuo ni mbali na chingamu chache za siku. Lakini aliye na ugonjwa wa moyo amwulize daktari wake, na sisi sote tusiigeuze kuwa sukari ya keki, chai na uji kutwa nzima kwa kisingizio kwamba haiozeshi meno.

Tano, mwenye kisukari ajue kuwa zailitoli hupandisha sukari ya damu kidogo tu ikilinganishwa na sukari ya kawaida, lakini haipandishi sifuri. Aihesabu katika chakula chake.

Jinsi ya kuitumia

Unapokwenda dukani, usitosheke na maneno "haina sukari" yaliyoandikwa kwa herufi kubwa mbele ya pakiti. Chingamu nyingi za namna hiyo zimetiwa sorbitoli kwa wingi na zailitoli ya kuonja tu. Geuza pakiti usome orodha ya vilivyomo. Vitu hivyo hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Kama zailitoli iko mwanzo wa orodha, umepata. Kama iko mwishoni, umenunua jina.

Tafuna baada ya mlo au baada ya kitu kitamu, dakika tano hadi kumi, mara tatu au zaidi kwa siku. Kutafuna nyingi kwa wakati mmoja halafu kukaa kutwa nzima bila kitu hakusaidii.

Na usiku, kabla ya kulala, piga mswaki kwa dawa yenye floraidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atiliwe kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Wanaoishi sehemu za Bonde la Ufa ambako maji yana floraidi nyingi na meno ya watoto hupata madoa ya kahawia, wapate ushauri wa daktari wa meno badala ya kuiacha dawa kwa hofu.

Wasio na uwezo je?

Najua kuna msomaji anayejiuliza: huyu anatuambia habari za chingamu ya bei ghali ilhali unga wenyewe ni shida? Swali hilo ni la haki. Bidhaa za zailitoli hazipatikani katika kila duka la mtaani, na bei yake haifanani hata kidogo na ya peremende ya kawaida. Haifai afya ya meno iwe ya wale tu wanaonunua vitu kwenye maduka makubwa.

Jibu langu ni kwamba yule asiyeweza kuinunua hajakosa kinga. Nguvu ya zailitoli, kama tulivyoona, inatokana zaidi na kuiondoa sukari kinywani. Kuiondoa huko hakuna gharama. Kunapunguza gharama.

Punguza vijiko vya sukari kwenye chai na uji wa watoto. Vitu vitamu na viliwe pamoja na mlo, visigawanywe kutwa. Baada ya kula, mtoto asukutue kwa maji safi. Badala ya peremende jioni, mletee ndizi, chungwa au njugu karanga kama amefika umri wa kuzitafuna vyema.

Tena tusisahau kijiti cha mswaki ambacho wazee wetu walikitumia kabla ya brashi ya plastiki kufika. Kijiti cha mti wa mswaki kingali kinauzwa Mombasa, Garissa na kwingineko, na Shirika la Afya Duniani limewahi kupendekeza matumizi yake. Anayekitumia vizuri, pole pole, kila upande wa jino hadi kwenye ufizi, hana haja ya kumwonea haya mwenye brashi.

Wakubwa nao wana wajibu. Shule zinazoruhusu peremende na soda kuuzwa langoni zijiulize zinafundisha nini darasani kuhusu afya. Wizara ya Afya iwatazame waagizaji wa bidhaa za zailitoli, ihakikishe kwamba kiasi kilichomo kimeandikwa waziwazi kwenye pakiti, ili Mkenya asilipie jina tu.

Nimalizie na binti yangu. Leo ana miaka kumi na mmoja na meno yake ya ukubwani hayana tundu. Je, ni zailitoli iliyoyalinda? Siwezi kuapa. Tulifanya mambo matatu kwa pamoja: tulimsimamia apige mswaki kila usiku, tuliziondoa peremende za kila siku, na alipofika umri wa kutafuna tulimpa chingamu ya zailitoli baada ya chakula cha shuleni. Ukiniuliza lipi lilikuwa na nguvu zaidi, nitasema ni la pili, kwa kuwa ndilo lililokuwa gumu zaidi kwangu.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa jino nao ni vivyo hivyo, ila ukuta wake haujengeki tena. Jioni ya leo unapokaribia duka lililo karibu na kwako, ukatia mkono mfukoni kutoa sarafu ya peremende, jiulize kwanza: mtoto wangu amekula vitu vitamu mara ngapi leo?